Mkunga Aaga

MZEE AKAMATWA NA KUKU WATANO. Kichwa hicho cha habari kilitoka ukurasa wa tatu, siku ya Jumanne, na aliyekiandika yu hai mpaka leo, ana meno yake yote isipokuwa mawili, na bado anakicheka. Habari yenyewe ilikuwa fupi: polisi walimkamata mzee mmoja akiwa na kuku wasio wake. Basi. Lakini neno "na" ni kigeugeu, hukaa upande wowote linakoitwa, na asubuhi ile nusu ya wasomaji waliona kuku watano wamemzingira mzee wa watu, mmoja kamkunja shati, mwingine anamsomea mashtaka.

"Jogoo ndiye inspekta," husema Mkasi akifika hapo. "Anaandika maelezo kwa ukucha. Mzee anajitetea, 'Afande, mimi nilikuwa napita tu.' Jogoo anamjibu, 'Wote husema hivyo hivyo. Vua kofia.'"

Mkasi ni jina alilopewa kazini, na lilimganda hivi kwamba hata mkewe hulitumia akiwa na hasira. Kwa miaka thelathini na mitatu kazi yake ilikuwa kutunga vichwa vya habari. Waandishi walileta habari ndefu kama kamba ya kisima, yeye akazitafutia maneno matatu au manne ya kukaa juu yake. Enzi hizo maneno yalichapwa kwenye vipande vya karatasi, yakakatwa, yakapakwa gundi na kubandikwa kwenye ukurasa, na kila safu ilikuwa na upana wake usiobembelezeka. Mkasi alihesabu herufi kwa midomo, kimyakimya. Herufi ya kawaida moja, I nusu, M na W moja na nusu, kwa kuwa hizo ni nene na hujitanua kama mgeni aliyekaribishwa kwenye benchi la watu watatu. Neno lisipoenea lilikatwa. Alikata vyeo, alikata viunganishi, alikata majina ya baba za watu, na hakuna aliyemwona akisikitika.

Alipostaafu alirudi nyumbani na sanduku la bati lililojaa vipande vya magazeti. Mkewe alilitazama, akauliza kama ndiyo pensheni. Lakini hazikupita wiki mbili akawa ndiye anayelivuta kutoka chini ya meza baada ya chai ya alasiri. Walikuwa na mchezo wao: Mkasi anasoma kichwa cha zamani kama kilivyochapwa, kisha wanakisia yaliyofuata, kama kwamba kila neno lilikuwa kweli tupu.

"PAA AANGUKA SOKONI, WATATU WAJERUHIWA," alisoma siku moja. Lilikuwa paa la mabati la soko, limekula kutu, likaporomoka. Ila herufi L ilikuwa imedondoka kwa sababu gundi ilikuwa hafifu, "laanguka" ikawa "aanguka", na paa la soko likageuka paa wa porini, mwenye miguu minne na macho makubwa.

"Kaanguka kutoka wapi?" mkewe aliuliza.

"Juu."

"Juu wapi, kwani paa ana mabawa?"

"Hilo ndilo swali waliloulizana watu wa wanyamapori. Walifika na wavu. Muuza nyanya keshamshitaki paa."

"Shahidi nani?"

"Swala."

"Huyo ndugu yake, hafai," mkewe akaamua, na kesi ikafutwa.

Kulikuwa na MEYA ATEMA CHECHE MKUTANONI, ambapo zimamoto walilazimika kukaa safu ya mbele na ndoo za mchanga, na mkewe Mkasi akamwonea huruma mke wa meya, anayeona mito ya kitanda ikitoboka matundu kila mumewe anapokoroma. Kulikuwa na WAKAZI WALIA NA MAJI. Hapo bomba na mama mmoja wamekumbatiana uani, wote wawili wanalia kwa kwikwi. "Mlinisahau," bomba linasema. "Wewe ulikuwa wapi tangu mwezi wa kwanza?" mama anauliza. Mkasi na mkewe walicheka mpaka majirani wakadhani wana wageni.

Kichwa kimoja tu hawakukichezea. Kilikuwa chini kabisa ya sanduku, kimekunjwa mara nne. Kilisema: MKUNGA MKONGWE AAGA.

Ajabu ni kwamba hicho ndicho kilichompa Mkasi umaarufu. Harusini, kwenye vikao, hata kwenye foleni ya zahanati, watu walimwomba: "Mkasi, hebu tupe ile ya mkunga." Naye aliwapa, kwa mikono na kwa sauti, na watu walishika mbavu. Nyumbani hakuisimulia hata mara moja. Mkewe alikuwa anaujua ukweli, na ni vigumu kuongopa mbele ya mtu anayekufulia mashati.

Jumatatu moja asubuhi alikuja mhariri wa sasa wa gazeti lile, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu, mwenye simu mbili na pochi isiyofungika. Alikuja na habari mbaya iliyovaa nguo za sherehe. Gazeti linaacha kuchapwa. Kuanzia mwezi ujao litasomwa kwenye simu tu. Toleo la mwisho la karatasi litatoka Jumamosi, na ukurasa mzima utakuwa wa vichwa vya zamani vilivyovunja watu mbavu, pamoja na yaliyofuata.

"Nataka yako yote, mzee wangu," alisema akipuliza chai. "Kuku, paa, meya. Lakini juu kabisa namweka mkunga. Mchoraji wetu ameshamaliza. Hebu ona."

Akamwonyesha mchoro kwenye simu. Mtaa umefurika watu. Wanawake wanagaagaa, wanaume wanashusha viti kwenye mkokoteni, mmoja kazirai na anapepewa kwa gazeti lenyewe. Mlangoni amesimama mkunga, ufagio mkononi, anauliza, "Amekufa nani?" Na umati unamjibu kwa sauti moja, "Wewe!"

Ndivyo Mkasi alivyokuwa akiisimulia. Aliyezirai alimwongeza mwaka wa nne au wa tano hivi, akaona anafaa, akambakiza.

"Na si hadithi tu," mhariri aliendelea. "Mama yangu mwenyewe alikuwepo. Anasema alilia mpaka sauti ikamkauka siku tatu. Yule bibi ndiye aliyemzalisha, mimi nilitokea mikononi mwake."

Kikombe cha Mkasi kilisimama njiani. "Mama yako alikuwepo wapi?"

"Pale, mlangoni kwa mkunga. Siku ile."

Mkasi alirudisha kikombe mezani taratibu. Mhariri aliuliza, huku akitafuta kalamu, yule bibi alikufa mwaka gani hasa, ili waandike marehemu. Sauti ilitoka jikoni.

"Hajafa," mkewe alisema. "Anakaa nyuma ya kiwanda cha magodoro. Ana miaka themanini na sita na anasoma gazeti kila siku ya Mungu."

Mhariri alifurahi kupita kiasi, akasema hiyo ni bahati, wampige na picha, akaaga. Alipokwisha kutoka, mkewe Mkasi alikuja akakaa kwenye kile kiti alichokuwa amekalia mgeni, bado chenye joto.

"Utamwambia lini?"

"Nimwambie nini?"

"Baba watoto, usinifanye mjinga. Jumamosi yule mama mkunga atafungua gazeti na kukuta umati uliouzaa wewe. Miaka yote umewapa watu kwa mdomo, na mdomo hupita. Hii ni karatasi."

Ukweli wa siku ile ni huu. Ilikuwa miaka thelathini na mmoja iliyopita. Mkunga wa hospitali alikuwa anastaafu baada ya kuzalisha nusu ya mji, na habari ilikuwa nzuri, na kichwa kilikuwa kizuri: MKUNGA MKONGWE AAGA KAZI. Saa kumi jioni likaja tangazo la sabuni, likataka nafasi zaidi, safu ikabanwa, na AAGA KAZI haikuenea tena. Mkasi akahesabu kwa midomo mara mbili, akakata KAZI. Aliamini, na mpaka leo hubisha, kwamba kuaga ni kuaga. Anayesafiri huaga, anayehama huaga. Hakujua kuwa mpanga kurasa, kwa kupenda urembo, ataizungushia picha ya mkunga mstari mweusi mnene. Jioni ile mkewe alilikuta neno KAZI limeganda kwenye kiwiko cha shati lake, akalibandua na kuuliza ni la nani.

Mwenye neno alijulikana asubuhi. Watu husoma kichwa. Mwili wa habari huachiwa wenye nafasi. Simu ya ofisi ililia mfululizo. Mhariri mkuu wa wakati huo alimwita Mkasi mezani, akamwekea gazeti chini ya pua.

"Kaaga nini?"

"Kaaga kazi, mzee."

"Kazi iko wapi? Mimi hapa naona sabuni."

Akamtuma kwa mkunga na karatasi iliyopigwa chapa, ya kutiwa saini, isemayo kwamba yeye aliyetajwa humo ni hai na buheri wa afya. Njia nzima Mkasi alijifunza namna ya kupita katikati ya waombolezaji bila kupigwa. Aliiona mikono, alizisikia sauti. Alipofika saa nne akaukuta mtaa umetulia. Mwanamke mmoja anafagia. Paka anajilamba kwenye kizingiti. Alidhani amekosea nyumba.

Mkunga alikuwa amekaa kwenye kiti kilichotazama mlango, amevaa gauni lake la kutokea, gazeti mapajani. Alikuwa amesukuma meza ukutani. Mikeka minne ilikuwa imetandikwa. Nyuma, sufuria kubwa kuliko zote ilikuwa inachemka, na kando yake vikombe visivyofanana, alivyoazima nyumba hii na nyumba ile.

"Nimeisoma saa moja asubuhi," alimwambia. "Nikacheka peke yangu. Nikasema, ngoja waje wanikute mzima, tucheke wote."

Akatia saini. Mkasi angeweza kuondoka hapo hapo, karatasi imekamilika. Lakini ile mikeka haikuwa na mtu, na kuinuka ilikuwa kama kuikanyaga. Akakaa. Saa sita alifika fundi viatu wa pale kona, ameshika jozi ya viatu vya mkunga alivyovitia soli, hajui sasa ampe nani. Alipomwona mwenye viatu aliangua kilio kama mtoto, na ikabidi mkunga ambembeleze. Saa nane akaja jirani, mkono mmoja kashika shavu kwa majonzi, na kabla hajajua anazungumza na nani akauliza ungo wake aliouazimisha umewekwa wapi. Basi. Mpaka saa kumi na moja hakuingia mwingine. Mkunga aliyezalisha nusu ya mji hawezi kukosa watu, kila mtu alijiambia hivyo. Na kila aliyejiambia hivyo akaendelea na shughuli zake.

Walikunywa chai, wanne, kutoka sufuria ya watu hamsini. Alipoinuka kuondoka, Mkasi alisema, "Nitarudi kukujulia hali, mama." Hakurudi. Kesho yake gazeti likasahihisha, na ambaye huenda angekuja siku ya pili hakuwa na sababu tena.

Ofisini walikuwa wakimngoja, wameacha mashine. "Haya, Mkasi, watu wamejaa?" Alikusudia kusema wawili. Mdomo ukasema, mtaa mzima. Alimwonea huruma yule mama, hakutaka wamcheke kwa hilo. Na wao wakacheka kwa jingine, wakapiga makofi, wakataka arudie. Akarudia. Uongo wa huruma ukishapigiwa makofi haurudi tena kwa mwenyewe kuomba ruhusa. Na Mkasi, tuseme ukweli, hakuuita urudi. Aliupenda.

Jumanne alikwenda. Alivaa shati la mikono mirefu, akapita nyuma ya kiwanda cha magodoro, akauliza mara moja tu. Mlango ulikuwa wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, Mkasi."

Alishtuka. "Umenijua?"

"Nimezalisha watoto kwa taa ya kandili. Sura haiwezi kunipotea." Alikuwa amepungua mwili, ila mikono ilikuwa ile ile, mipana, imetulia kwenye magoti. Dirishani palikuwa na gazeti la siku ile, lenzi ya kusomea juu yake. "Ulisema utarudi. Nikasema, hewala. Sikukuuliza lini."

Mkasi aliketi. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa mazuri, mafupi, yenye kuenea, na yote yalimkimbia. Akaeleza ovyo ovyo: toleo la mwisho, mchoro, umati, ufagio, aliyezirai. Akasema ni yeye aliyeubuni umati ule, siku ile ile, kabla chai yake haijamshuka tumboni. Akasema samahani. Akasema tena.

"Najua," mkunga alisema.

"Unajua nini, mama?"

"Kuhusu umati. Ulidhani hadithi itazunguka mji mzima inikwepe mimi? Mwaka ule ule mwanamke mmoja alinisimamisha sokoni. 'Mama mkunga, siku ile nilikuja kwako, nililia!' Nikamtazama. Nikasema, ahsante mwanangu. Kisha mwingine. Kisha mwanamume, na yeye akasema ndiye aliyezirai." Akacheka kidogo, mabega yakatikisika. "Kila mmoja akinieleza alivyosimama karibu na mlango. Mlango wangu una upana gani? Nikaanza kuwahesabu. Nilipofika mia moja na kumi na kitu nikaacha."

"Waongo!" Mkasi alisema, na hapo hapo akajisikia mjinga.

"Hapana, si waongo. Walitamani wangekuja. Ulipowapa nafasi ya kuwa wamekuja, wakaichukua. Mwanzo nilikuwa naumia. Baadaye nikazoea, nikapenda hata. Nilikuwa nikijiambia, labda mazishi yangefika wangejaa kweli. Labda. Neno hilo nimekaa nalo miaka thelathini na mmoja, Mkasi, na halizungumzi."

Mkasi aliangalia sakafu. Akasema atamwambia mhariri aifute, isitoke kabisa, ukurasa una vichwa vingine vya kutosha.

"Usiifute." Sauti ilikuwa ya wodini sasa, ya mtu aliyezoea kuwaambia watu wazima wasukume. "Nisikilize. Mimi nina miaka themanini na sita. Siku moja nitaaga, na safari hii hakuna sabuni itakayokata neno. Unajua watu watasema nini? Watasema, 'Yule mkunga? Mbona tulishakwenda.' Wote hao mia moja na kumi wanaamini walishakuja. Nani anakwenda msiba mmoja mara mbili?"

Mkasi alianza kucheka, akaacha.

"Uliwaleta kwa uongo," mkunga alisema. "Sasa waondoe. Andika walikuja wangapi. Mtu akijua kwamba hakuja, bado ana nafasi ya kuja."

"Itakuwa aibu, mama."

"Aibu ya nani? Ya asiyejiwa, au ya asiyekuja?"

Hakumruhusu kuandikia nyumbani. Alimpa karatasi na penseli, akamsogezea meza. Mkasi alikuwa hajawahi kuandika mwili wa habari maishani mwake. Alizoea vichwa tu. Alianza, akafuta, akaanza. Aliandika juu ya sabuni, neno lililokatwa, na mikeka minne. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyebuni waombolezaji, na kwamba aliyesimulia hadithi ile miaka yote alikuwa akimdhulumu mama mmoja mbele za watu huku akipigiwa makofi. Ilimchoma kuliandika hilo. Akalisoma kwa sauti mpaka mwisho, penye maneno haya: "Siku ile walikuja watu wawili."

"Wangapi?" mkunga aliuliza.

"Wawili. Fundi viatu na jirani."

"Na wewe?"

"Mimi nilitumwa, mama. Sikuja kukulilia. Nilikuja na karatasi ya ofisi, na kama ungekuwa umekufa kweli ningeirudisha bila saini. Sistahili kuhesabiwa."

"Fundi alikuja na viatu," mkunga alisema. "Yule mwingine alikuja kufuata ungo wake. Kila mtu huja na jambo lake, Mkasi. Saini yako uliipata, ukabaki. Ulikaa mpaka saa kumi na moja ukinywa chai baridi usiyoitaka. Nipe hiyo penseli."

Akainama karibu kabisa na karatasi, akakata neno "wawili" kwa mstari mmoja, na juu yake, kwa herufi kubwa za kizamani, akaandika "watatu". Mkasi alitoa kitambaa akajifanya anasafisha miwani. Alilia pale, mtu mzima wa miaka sitini na tisa, na mkunga akamwacha alie, maana alijua kazi hiyo haiharakishwi.

Mhariri aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Alisema mchoro sasa haufai. Alisema ilikuwa ya kuchekesha zaidi kabla. Halafu akaziacha simu zake zote mbili zikiita.

"Mama yangu aliniambia alikuwepo," alisema mwishowe.

"Usimuulize, mwanangu," Mkasi alisema. "Mpe tu gazeti asome."

Ilitoka Jumamosi, ukurasa wa mbele, chini, bila kukatwa hata neno moja, pamoja na jina la mtaa na namna ya kufika. Kuku na paa walikaa ndani, ukurasa wa nane, na watu waliwacheka kama kawaida. Saa mbili asubuhi Mkasi alikuwa ameshafika kwa mkunga. Mkewe alisema atakuja baadaye kidogo, akimaliza mambo yake, na kwamba yeye hatakwenda kama mke wa mtu bali kwa miguu yake mwenyewe, kwa sababu hata yeye siku ile alibaki nyumbani kupiga pasi.

Mkunga alikuwa amevaa gauni la kutokea. Mikeka ilikuwa imekunjwa, imesimamishwa kwenye pembe.

"Safari hii sitandiki kabla," alisema. "Mtu aje kwanza."

Alikuwa ameufunga mlango pia. Wakakaa. Jua lilitambaa kwenye sakafu kutoka mguu wa meza mpaka mguu wa kiti. Nje kulipita mkokoteni, wakapita wanawake wawili wakizungumza mambo ya bei ya unga, na wote hawakusimama. Saa tatu ikagonga kwenye redio ya jirani. Siku ile ya kwanza Mkasi alihofia watu kujaa. Leo alihofia kingine, na hofu hii ya leo ndiyo iliyomstahili. Angefanya nini wasipokuja? Angekuwa amemchukulia hata ule umati wa maneno, akamwacha na sifuri iliyochapwa.

"Labda hawajasoma bado," alisema.

Mkunga alikuwa anatazama mlango.

Saa tatu na nusu hivi, hatua zilisimama nje. Zikasitasita, kama za mtu asiyejua kama nyumba ndiyo. Kisha ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito, ambayo Mkasi hakuijua, iliyokuwa na haya ndani yake.

"Hodi!"

Mkasi aliruka kutoka kitini. Mkono wa mkunga ukamdaka kwenye kifundo cha mkono, na ulikuwa na nguvu ambayo hakuitarajia.

"Kaa," alimnong'oneza, macho yake yamejaa. "Ngoja apige ya pili."

Wakakaa wote wawili, wakisikiliza.